Milango ya Nyuma ya Bi Harusi

Baba,

Bi Harusi bado yupo uani hapa Kisugu, pale pale ulipomwegesha kabla hujalazwa. Majirani waliompa jina hilo, kwa kuwa hatoki bila watu wa kumsindikiza, siku hizi wanampita kimya. Mimi nimemkasirikia. Nimekukasirikia na wewe, nisamehe.

Gari lako la kwanza, Baba, na la mwisho. Unakumbuka lilivyozima pale Wandegeya, wewe na sare zako za polisi, wanafunzi wakalisukuma huku wakikupigia saluti? Ulicheka mpaka ukasahau klachi. Na milango ya nyuma ilipokataa kufunguka kwa ndani, hukutafuta fundi. Ulizunguka mwenyewe kutufungulia. "Nyinyi kaa hapo. Dereva anakuja." Mbele ya kanisa Mama alishuka kama mke wa waziri.

Sasa sikia yaliyonikuta. Tangu tulipokuzika, kila asubuhi Mama anavaa vizuri, anaingia kiti cha nyuma, anajifungia. Anasubiri. Mara ya kwanza nilimkuta jua limeshapanda, jasho linamtiririka, mkoba magotini. Nikamfungulia. Basi imekuwa ndiyo kazi yangu. Nimepata kazi nyingine mbali, huko Mbarara, Baba, kazi nzuri, na sijawajibu. Mwanao ni mimi peke yangu, nitamwachia nani mlango huu? Nilileta fundi, Mama akamfukuza. "Nani naambia wewe imeharibika?" Siwezi kwenda hata sokoni Nakawa bila kuwaza kwamba amefungiwa mle ndani. Nakupenda, lakini naona umetufungia humu sote wawili ukaenda zako.

Jana nilichoka. Niliingia nikaketi kando yake, nikaubamiza mlango. Joto, harufu ya petroli na ya koti lako. Nikamwambia lile ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia: "Mama, Baba hakuji." Hakulia. Nililia mimi, kwa sauti, mpaka nikaona aibu. Alinitazama, akafungua mkoba, akatoa kile kimpini cha kuteremshia kioo, ambacho sote tuliamini kilipotea zamani. Akakichomeka, akazungusha, akapitisha mkono nje, akafungua mlango.

"Mimi naweza fungua siku zote," akasema. "Yeye ndiyo alikuwa anapenda kuja."

Akashuka. Akaniuliza Mbarara wananitaka lini.

Ninaondoka Jumatatu, Baba. Gari siliuzi, pumzika bila wasiwasi. Na nakuahidi hivi: nikija likizo, Bi Harusi akikubali kuwaka, nitaendesha mimi na Mama atakaa nyuma. Tukifika, sijui kama nizunguke nimfungulie au nitulie kwenye usukani nimwache ashuke mwenyewe. Nitamuuliza kwanza.

Kwaheri, Baba yangu.

Binti yako