Hotuba Fupi ya Chifu

Kayenta, Arizona
Novemba 1960

Kaka Emerson,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Barstow, na mgongo wako umeacha kukusumbua kwa kubeba reli. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, kondoo wamenona, na theluji ya kwanza ilianguka jana ikayeyuka. Mimi nasoma, ila siku hizi narudia ukurasa mmoja mara tatu na bado sijui umesema nini.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Bi Halvorsen, alitutaka tutazame kipindi kimoja cha kauboi, tuandike uzuri na udhaifu wake. Basi Jumamosi mjomba Hoskie alinipeleka dukani kwa Bwana Tolliver, kwenye runinga, kutazama kipindi cha Sherifu Dunning. Mama alikataa kuja. Unajua alivyo tangu baba aondoke na watu wa filamu majira ya kuchipua, asilete neno. Wiki hiyohiyo ya kipindi alikuwa amelibeba tandiko la baba akaliweka nje ya mlango, na majirani wote wakaelewa kwamba hana mume tena. Nilikuwa nikipita hapo nikiangalia pembeni.

Udhaifu wa kipindi ulikuwa mwingi. Miamba ilikuwa ya kupakwa rangi. Mtu mmoja mwenye kovu alikufa mara mbili, mara ya pili akiwa na kofia. Sherifu alipiga risasi bila kujaza bastola, mpaka mjomba akasema bastola hiyo inazaa kama sungura. Lakini kulikuwa na uzuri pia. Hadithi nzima inasimama juu ya ahadi moja: sherifu amesema atarudi kabla mto haujajaa, na wewe unayetazama huwezi kukaa kitako, unamngoja kama ndugu yako.

Kisha chifu akatokea juu ya farasi, na chifu alikuwa baba.

Alikuwa amekonda. Walimvika manyoya ambayo hakuna mtu wetu anayeyavaa, wakamwambia ahutubie kwa lugha yake. Akanyoosha mkono kwa heshima kubwa, akasema kwa Kinavajo, lugha yetu, kwamba huyu mwenye nyota kifuani amejimwagia marashi mpaka farasi anataka kupiga chafya. Mkalimani wa sherifu akaeleza kwamba moyo wa chifu umejaa huzuni. Duka zima lilivunjika mbavu. Bwana Tolliver akauliza tunacheka nini. Mjomba akamjibu kwamba tunamhurumia chifu.

Baba akaendelea, uso uleule. Akamtaja Mama Emerson, akamwomba asilitoe tandiko lake nje, kwa maana atarudi mahindi yatakapoiva. Hapo hakuna aliyecheka. Risasi ikalia, na kabla hajaanguka mjomba alinishika bega akanitoa nje, si vizuri mtoto kumtazama baba yake akifa hata kwa mchezo. Njiani akaniambia ujumbe wa baba ni wangu kuufikisha, yeye hatafungua mdomo.

Wewe uliandika tumsahau, kwamba ametukimbia. Sasa unajua hakuwa ametusahau.

Nilimweleza mama. Alitoka, akalikung'uta tandiko vumbi, akaliingiza ndani. Kila jioni sasa analipaka mafuta. Siku ileile aliniuliza kama baba alisema atarudi lini.

Kaka, mahindi tuliyavuna zamani, yako ghalani. Nilimjibu kwamba sherifu alimkatiza.

Sijamwambia mtu mwingine. Mbwa akibweka naruka mlangoni, na nikikuta ni upepo namwona mama naye amesimama nyuma yangu. Tafadhali waulize watu wetu walioko huko kwenye filamu na kwenye reli. Ukimpata usimgombeze. Mwambie mahindi yameshaingia, lakini tandiko liko ndani.

Insha yangu imerudi. Bi Halvorsen ameisifu, ila pale nilipoandika kwamba udhaifu mkubwa kuliko wote ni ufupi wa hotuba ya chifu, amechora mstari mwekundu na kuandika kwamba yeye aliiona ndefu mno.

Mama anakusalimu, na mjomba anauliza kama umenenepa. Jifunike vizuri usiku, na utujibu upesi.

Mdogo wako,
Verna Etcitty