Maziwa Niliyoyamwaga

Ruti, Mbarara
Tarehe 12 Agosti 2014

Kwa kaka yangu Nehemiya,

Nakusalimu katika Bwana, wewe, wifi yangu na watoto, na Mama zaidi ya wote. Je, usingizi umeanza kumpata? Miguu yake bado inavimba jioni? Mimi huku Mbarara ni mzima wa mwili, nakula, naenda masomoni, namshukuru Mungu kwa hilo. Nimesikia ng'ombe wa Baba wamefika kwenu Oruchinga salama, na kwamba yule mwenye pembe moja aliwatoa jasho njiani. Nimecheka peke yangu hapa chumbani, maana yule hakuwahi kumsikiliza mtu isipokuwa Baba.

Sasa kabla hujaendelea, angalia ni nani aliye karibu nawe. Kama Mama yuko hapo, kunja karatasi uende nayo zizini, usome peke yako. Usimpe mtoto aisome kwa sauti, nakuomba sana. Sikupiga simu kwa sababu simu yako ni ya nyumba nzima. Ikilia inawekwa sauti ya juu na kila mtu anatia neno lake. Ndiyo maana nimempa Parfait, dereva wa gari letu la wagonjwa, akuletee barua hii mkononi.

Ujumbe wa baba zetu wadogo nimeupata, na najua wewe ulikuwa umekaa katikati yao walipoutunga. Ati nisikanyage kwenye kumaliza matanga Jumamosi mpaka nikubali kupiga magoti mbele ya Mama na watu wote, niombe msamaha kwa maziwa niliyoyamwaga siku Baba alipoanguka. Kaka, niliwaka. Nilimwambia aliyeleta ujumbe arudi akawaambie magoti yangu si ya kukodisha. Unanijua, mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa. Hata siku ya mazishi uliponipita bila kunipa mkono, nilisema moyoni, haya, kama ni hivyo basi. Lakini hujawahi kuniuliza nini kilitokea. Umesikia ya Mama tu. Leo sikia na yangu.

Siku ile ulikuwa bado uko Kampala. Mimi nilikuwa kwenye mwezi wa mazoezi ya kazi ya gari la wagonjwa. Shule ilinituma Nakivale, kambini kwetu, kwa vile najua lugha za watu wetu. Mimi na Parfait tulikuwa tunaosha gari pale kituo cha afya, jua liko utosini, Mama akapiga simu. Alisema Baba ameanguka karibu na zizi na anatokwa na povu, halafu laini ikakatika. Nikapiga tena na tena, hakuna. Parfait aliuona uso wangu tu, akawasha gari na ndoo ya maji tukaiacha palepale.

Njiani nilikuwa najisemea masomo kwa sauti, kama mtu anayesali. Mwalimu wetu Byamukama ni Mnyankole aliyekuwa jeshini. Anafundisha kwa Kiingereza, lakini akikasirika anageukia Kiswahili cha askari. Kuna neno alilirudia mpaka tukawa tunamwigiza akitoka darasani: ati mutu kama haitiki, hapana kupatia yeye kitu kwa mdomo, hata maji, hata dawa, hata kama mama yake nalia. Alitueleza kwamba mtu aliyezimia hawezi kumeza, na unachomtia mdomoni kinateremka njia ya pumzi. Tulicheka sana darasani. Siku ile sikucheka.

Nilimkuta Baba amelala chali, watu wamemzunguka. Harufu ya dawa ya kupe ilinifikia kabla sijamfikia yeye. Pompi ilikuwa imevuja mgongoni wakati anapulizia ng'ombe, naye, mzee wetu mbishi, hakulivua lile shati lililolowa mpaka amemaliza ng'ombe wote. Jasho, mate, machozi, vyote vilikuwa vinamtoka pamoja. Nyama za mikono zinarukaruka. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nikamwita, nikamfinya begani, hakuitika. Nehemiya, nilitaka kukaa chini nilie kama mtoto. Mikono ndiyo iliyokumbuka kazi. Nilivaa glavu, nikalikata shati kwa mkasi, nikamlaza ubavu ili mate yatoke nje, nikapiga kelele waniletee maji mingi na sabuni.

Maji yakaja, na nyuma ya maji akaja Mama na jagi la maziwa. Unawajua watu wetu: sumu, maziwa. Kule milimani tulikotoka hata aliyeumwa na nyoka alinyweshwa. Mimi mwenyewe nilipokunywa mafuta ya taa utotoni mlinishindilia maziwa, na mpaka leo mnasema ndiyo yaliyoniponya. Nilimwambia Mama hapana. Akasema nimpishe. Nikamwambia hapana tena, na majirani wakaanza kupaza sauti, ati mutoto wa masomo anamunyima baba yake maziwa. Mama akapiga magoti, akamshika Baba kidevu, akaanza kumgeuza chali. Hapo ndipo nilipolipiga lile jagi kwa mkono. Maziwa yakamwagika yote chini, mbele ya zizi, karibu na kichwa cha Baba. Najua maana ya kuyamwaga maziwa ya ng'ombe wa nyumba yetu mbele ya mgonjwa, sihitaji kufundishwa na baba wadogo. Mama aliyatazama yakiingia mchangani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimekuja kumzika baba yangu.

Tulimwosha Baba haraka, tukampandisha garini. Mama akakaa mbele na Parfait, mimi nyuma. Ile barabara ya vumbi mpaka Rwekubo unaijua mwenyewe, na siku ile kila shimo lilikuwa letu. Baba alikuwa anakoroma kooni. Nilishika pompi ndogo ya mkono, ile ya kunyonya uchafu kooni, nikavuta, nikapangusa, nikavuta tena. Midomo inakuwa ya bluu, naongeza hewa. Rangi inarudi kidogo, nasema asante Yesu. Gari linaruka, tunaanza upya. Nilimfokea Parfait aongeze mwendo, mara nikamfokea apunguze, maskini hakujua amsikie Ikirezi yupi. Mama akauliza kupitia kidirisha ni nini ninachokitoa mdomoni mwa Baba. Nikamjibu ni povu.

Hospitalini walimpiga sindano juu ya sindano mpaka jasho likakauka na mboni zikafunguka. Kesho yake alinitambua. Unajua aliuliza nini? Aliuliza nani anakamua. Nilitoka nje nikaruka kama ndama, nikampigia Parfait kumwambia tumeshinda. Halafu homa ikapanda. Kifua kikajaa, pumzi ikawa fupi, kila siku fupi zaidi. Ulipofika kutoka Kampala tulikuwa tumeshamfunika.

Sasa kaa chini, kaka. Halikuwa povu. Yalikuwa maziwa, meupe, yameshaanza kuganda. Kabla gari halijafika, Mama alikuwa amemnywesha kikombe kizima, Baba akiwa haitiki. Hakuna aliyeniambia. Nilipolipiga lile jagi nilidhani namzuia asianze, kumbe nilichelewa. Kile kikombe hakikwenda tumboni. Kiliingia kwenye mapafu, na huko ndiko ilikotoka ile homa. Daktari aliniambia wazi kwamba dawa ya kupe walikuwa wameishinda. Baba amekufa kwa sababu ya maziwa yaliyoingia kifuani.

Daktari yule alitaka Mama ajue. Alisema Kiingereza, akaniomba nitafsiri. Mungu alisaidia hakusema Kinyankole, maana kwao maziwa ni amate na kwetu ni amata, Mama angelidaka neno hapohapo. Nilimtazama Mama, amekaa pembeni ya kitanda, ameshika soksi za Baba. Nikamtafsiria kwamba sumu imemharibu kifua na hakuna aliyekosa. Daktari akaitikia kwa kichwa, akidhani nimesema alichosema. Nilidanganya, kaka, kwa mdomo uleule niliokula nao kiapo cha kazi, na kesho ningedanganya tena.

Umemsikia mwenyewe akisimulia kikombe hicho. Mimi nilimsikia mara ya kwanza kwenye benchi nje ya wodi. Alikuwa hanisemeshi, aliongea kama anauambia ukuta. Alisema angalau kikombe kimoja Baba alikunywa mkononi mwake. Alisema walikimbia vita pamoja, walizika watoto pamoja, na saa ya mwisho hakumwacha mume wake aondoke na kiu. Hicho ndicho anacholalia na kuamkia. Kama asingenichukia mimi kwa lile jagi, angeanza kujiuliza. Acha anichukie. Mimi bado kijana, nitabeba. Lakini mzigo huu ni mzito, nakuambia ukweli, ni mzito, na nimechoka kuubeba bila mtu hata mmoja anayejua. Ndiyo maana nimekuandikia.

Kuna jambo usilichezee. Wanao sasa ndio wanaopulizia ng'ombe. Waangalie pompi kabla ya kuibeba, na nguo ikilowa waivue palepale, waoge kwa sabuni, ng'ombe watangoja. Na mtu akianguka, awe nani, alazwe ubavu na mdomo wake uachwe mtupu mpaka gari lifike. Sema umesikia kwa watu wa kituo cha afya. Mama akisema maziwa, mtume akatafute shuka, akatafute sabuni, apate kazi ya mikono. Ndilo nililopaswa kumfanyia siku ile, lakini hasira yangu ilikuwa imeshanitangulia.

Jumamosi nitakuja. Waambie baba wadogo nimekubali. Nitapiga magoti mbele ya Mama na watu wote, niombe msamaha kwa maziwa niliyoyamwaga, na sitatia neno lingine. Watanung'unika, watanitolea mafundisho, nitanyamaza, hata kama wewe hutaamini kwamba mimi naweza. Lakini wewe ambaye sasa unajua, usinitetee. Usilie, Mama atakuuliza kwa nini. Unikunjie uso kama siku ya mazishi, na nikiwa chini pale, usije ukaniinua wewe. Ngoja aniinue Mama mwenyewe, hata akichelewa.

Nisalimie wifi, umpakate mdogo wa mwisho kwa niaba yangu, na pasta pia umpe salamu. Mama mwambie tu kwamba nimesikia, na ninakuja. Bwana awalinde ninyi nyote fasi mlipo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ikirezi