Sentimita Kumi na Saba

Jumatatu, 2 Juni

Jiko limefika! Lori limelishusha getini saa nne asubuhi. Chuma kitupu, jeusi, mlango wa kioo, miguu minne mifupi. Na zito! Limebebwa na wanaume wanne, na mmoja wao kaapa kiuno chake hakitarudi kama kilivyokuwa. Mume wangu kalinunua huko anakojenga daraja. Amepiga simu mara tatu kuuliza kama kioo hakijapasuka. Hakijapasuka, baba wee, tulia.

Baridi ya nyumba hii si mchezo. Sakafu ya saruji, mabati juu, upepo unaingia chini ya mlango kama una ufunguo wake. Na mwezi wa saba najifungua. Siwezi kumlaza mtoto mchanga ndani ya friji.

Nikasema tumwite yule mama fundi wa mageti wa pale kona, aje kulifunga. Baba mkwe akaweka kikombe chini taratibu. "Fundi gani tena, mwanangu? Na mimi humu ndani ni nani?" Miaka arobaini amekunja bati huyu — mifereji, matangi, mabomba ya moshi ya bekari mbili. Nimekosa adabu.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya kijitabu cha maelezo. Baba hana miwani. Imepotea, anasema, wiki ya tatu sasa. Basi msomaji ni mimi, huku nashona vifungo vya sare za watu.

Jiko lisikae juu ya mbao wala kapeti. Anajua. Matofali chini yake, yatokeze mbele, cheche ikiruka isipate pa kushika. Anajua. Vipande vya bomba vikae kimoja ndani ya kingine bila mwanya. "Wananifundisha mimi!" Bomba liwe mbali na mbao yoyote, sentimita arobaini na tano kwenda juu. Hapo akanyanyua kidole. "Hiyo iandike." Nikaiandika ukutani kwa chaki yangu ya kukatia nguo: 45. Kubwa, kama bango la duka.

Mchana amepanga matofali. Mazuri, yamenyooka. Anayapapasa kila moja kwa kiganja kabla ya kuliweka, kama mtu anayechagua parachichi. Nikamwambia anayabembeleza. Akacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 6 Juni

Ngazi, msumeno, nyundo, vumbi la dari kwenye nywele zangu, kwenye kitambaa cha watu, kwenye chai. Baba juu, mimi chini nimeshika ngazi na tumbo langu hili. Akavuta tepu, akaisogeza karibu kabisa na pua. "Arobaini na saba! Tumezidisha mbili." Nikashangilia. Akakata.

Saa kumi bomba limetokea juu ya mabati. Majirani wamesimama ukutani wakitoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba.

Tumewasha moto mdogo tu. Kijitabu kinasema mara tatu za mwanzo moto uwe mdogo, rangi ya chuma ikauke. Inanuka hasa! Madirisha yote wazi. Baba amesimama mbele ya kioo mikono nyuma. Ana furaha yule mzee. Sijamwona hivyo tangu nimeolewa humu.

Jumapili, 8 Juni

Joto! Nimekaa sebuleni bila soksi. BILA SOKSI. Mtoto naye anapiga mateke, sijui ni shukrani.

Baba ameweka sheria zake. Kuni kavu tu — anagonga mbili pamoja, zikilia kama sahani ni kavu, zikilia kama viatu ni mbichi, zirudi nje. Mlango wa hewa usifungwe kabisa moto ukiwa bado hai. Majivu kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, yapelekwe uani, yasimwagwe mpaka kesho yake hata kama yanaonekana yamelala. "Majivu ni waongo," anasema.

Ameniambia pia mambo ya bekari ya zamani, jinsi alivyopanda juu ya paa peke yake wenzake wote wakiwa wameufyata. Anatia chumvi kidogo. Ameimwaga chai nje ya kikombe wakati akisimulia, ikamfika kwenye goti. Nikapangusa. Tukaendelea.

Jumatano, 11 Juni

Kichwa. Tangu jana. Nikitoka kuanika nguo kinaachia. Nikirudi kwenye cherehani — kile kile.

Alhamisi, 12 Juni

Kliniki. Nilijua ni presha, roho juu njia nzima. Si presha. Nesi amepima mara mbili. Mtoto yuko sawa, moyo unadunda kama farasi. Kisha akauliza, kichwa kinauma wapi? Nikasema mbele. Akasema hapana, mama, nauliza ukiwa wapi. Nyumbani. Na ukitoka? Kinapungua. Akaweka kalamu chini. Mnapasha nyumba joto kwa kitu gani?

Nikamweleza, kwa majivuno kabisa, jiko la kuni, baba mkwe kalifunga mwenyewe. Akaniambia bila kuzungushazunguka: moto wa ndani ukikosa pa kutolea hewa unatoa sumu. Haina harufu, haina rangi, na anayevuta kwanza ni huyo wa tumboni. Uzimwe leo. Madirisha wazi. Usiwashwe tena mpaka fundi akague kila kiungo. Na kuna kengele ndogo za ukutani za kuikamata hewa hiyo, mnunue.

Nimefika, Baba yuko uani anapasua kuni. Moto ulikuwa umebaki makaa. Nikafungua madirisha, nikauacha ufe. Halafu nikapanda juu ya stuli (najua! najua!) nikaangalia.

Pale bomba linapopinda, upande wa ukutani, kiungo hakikuingia. Mwanya wa kupitisha kucha. Masizi yamechora mstari mweusi ukutani. Nikainua macho zaidi. Ubao wa dari kando ya bomba umegeuka rangi ya kahawa iliyoungua.

Sikuhitaji tepu. Mimi ni mshonaji, sentimita naziona kwa macho. Lakini nikachukua ya kwangu ya shingoni, nikapima.

Kumi na saba.

Si arobaini na saba. Kumi na saba.

Wiki nzima tumelala chini ya ubao ule.

Ijumaa, 13 Juni

Nimempigia mume wangu. Maneno yakamtoka kama bomba limepasuka. Jumamosi ya wiki ijayo atakuja na hiyo kengele. Kabla ya hapo nimwombe Baba aende kumsalimia shangazi siku mbili, nimwite mama wa mageti, arekebishe, Baba akirudi akute tayari. Hatajua. Tusimvunje moyo.

Nikasema, atajua. Bomba lake! Atalipapasa tu atajua. Na baba mtu mzima unamdanganya kama mtoto wa chekechea? Akasema una njia gani nyingine wewe. Sina. Tumekata simu bila kuagana vizuri.

Nyumba imepoa kama kisima. Baba akauliza mbona hatuwashi. Nikasema kichwa, Baba, moshi unanisumbua. Akasikitika — sikuweza kumwangalia. Akasema ni kuni, ameleta mbichi bila kujua, kosa lake. Akatoka, akarudi na mzigo wa kuni alizozichagua moja moja, amezigonga zote. Akapiga magoti, akafungua mlango wa jiko, kiberiti mkononi.

"Baba, usiwashe!"

Nimepiga kelele. Mimi! Kwa baba mkwe wangu! Kiberiti kikamwanguka. Hakukiona kilipoanguka. Kilikuwa pale, mbele ya goti lake, na mkono wake ukakitafuta pembeni, pembeni zaidi, mpaka nikainama nikampa.

Tukaangaliana. Yaani, mimi nilimwangalia.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemwambia. Asubuhi, baada ya uji. Nilijipanga vizuri, nikaanza na nesi, nikaanza na mtoto, nikazunguka mji mzima — mwishowe nikasema tu: Baba, bomba liko karibu na mbao. Nimepima. Ni kumi na saba.

"Niliipima mwenyewe."

Ndiyo, Baba.

"Arobaini na saba."

Ubao umeanza kuungua, Baba.

Akainuka. Chumbani. Mlango. Mchana hakula. Jioni nikagonga na sahani, akasema weka hapo mwanangu, asante. Sauti ya upole kabisa. Afadhali angenifokea.

Nimeshona sare mbili, zote nimeweka mfuko upande mbaya. Nikafumua.

Jumapili, 15 Juni

Ametoka saa mbili, kavaa overoli yake ya kazi. Jumapili! Akaniambia nimshikie ngazi. Nikataka kukataa — akanitazama upande, kama anavyofanya siku hizi, kichwa kimegeuka kidogo, na sasa naelewa kwa nini.

Akapanda vidaraja vitatu tu. Akanyoosha mkono, akaugusa ubao. Akaupapasa taratibu, akafika pale penye weusi, ukabanduka vipande vidogo kwenye vidole vyake. Akavinusa. Muda mrefu.

"Siku mbili tatu zaidi," akasema. "Basi."

Akashuka, akakaa kwenye kidaraja cha chini, akaniambia yote. Tangu mwaka jana. Katikati ya kila kitu pana doa, kama mtu kamshonea kifungo kwenye jicho. Pembeni anaona. Katikati hapana. Miwani haijapotea, iko chini ya godoro, haisaidii tena. Tarakimu anazikisia. Nyuso anazijua kwa sauti. Jiko hili alitaka liwe kazi yake ya mwisho, apate kusema mjukuu wangu kazaliwa kwenye joto nililolifunga mimi.

"Nikakaribia kumchoma."

Nikalia, nikasema si machozi, ni vumbi. Akacheka kidogo.

Nikamwambia kuna madaktari wa macho. Akasema anajua. Woga. Mzee aliyesimama juu ya paa la bekari — woga! Nikamwambia nitampeleka mimi. Akaniomba kitu kimoja: mwanawe asijue. Bado. Atamwambia mwenyewe siku akiwa tayari.

Nimeahidi. Sijui kama nimefanya vizuri. Mume wangu hajawahi kunificha kitu zaidi ya bei ya viatu.

Jumanne, 17 Juni

Kaenda mwenyewe kona kumwita mama wa mageti! Miguu yake, kofia yake. Nilidhani atatoa visingizio. Hapana. Alimwambia hadharani, mbele ya wateja: nimefunga bomba vibaya, macho hayanisaidii, njoo tulifunge upya. Mama wa mageti amenihadithia huku akijipangusa macho — moshi wa kazi, anasema.

Kazi siku nzima. Mama juu, Baba chini, mimi kwenye kiti na kijitabu. "Huyu miguu, huyu macho, mimi mdomo," Baba anasema. "Fundi mmoja kamili amepatikana." Wamekata ubao mzima ulioungua, wakapanua tundu la dari, wakaweka bamba la bati la kukinga pande zote, hewa ipite katikati. Tepu imesomwa na watu wawili. Hamsini. Kila kiungo kimeingia mpaka mwisho, kimefungwa skrubu tatu, na Baba akakizungushia kidole kabla ya kutoa ruhusa. Kimoja akakikataa. Mama akabisha, kimeingia hicho mzee. Wakakifungua: kipande cha kutu ndani. Macho yetu manne hayakukiona!

Hatujawasha. Tunangoja kengele.

Jumamosi, 21 Juni

Mume wangu kasema atafika jioni. Baba kakataa kungoja. Akasema tuwashe kidogo nje kukiwa bado na mwanga, milango wazi, tuone linavyopumua. Mama wa mageti akaja pia. Saa nane mchana nikawasha mimi, vijiti vyembamba, kisha kuni mbili. Nikapitisha njiti inayofuka moshi kwenye kila kiungo kama nesi anayetafuta mshipa. Moshi wake haukuyumba hata kidogo. Unavuta! Moto unavuta vizuri!

Baba akatoka uani. Nikamfuata. Akasimama katikati, mikono nyuma, uso ameuinua juu ya paa, pale pale bomba lilipo. Akasema moshi ukiwa mzito mweupe, kuni zina maji. Ukiwa mweusi, limekosa hewa. Ukiwa mwepesi, tumeshinda.

"Haya, mwanangu. Moshi una rangi gani?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikaona geti liko wazi.

Mume wangu kapata gari la mapema. Kasimama na begi begani na kiboksi cha kengele mkononi. Akatazama paa — moshi mwembamba, ila kila mwenye macho angeuona. Akamtazama baba yake, aliyekuwa bado ameinua uso, anangoja. Akanitazama mimi.

"Mbona kimya?" Baba akauliza. "Ni mbaya?"

Mume wangu ndiye aliyejibu. "Ni mwepesi, Baba. Mzuri." Sauti yake haikuwa ya kwake.

Baba hakugeuka mara moja. Nikaona mabega yake yakishuka, taratibu. Mama wa mageti kaokota zana zake, kaondoka.

Wameingia ndani wote wawili. Mimi nimejifungia chumbani na daftari hili, na kalamu imenichelewesha kuwapelekea chai. Hawazungumzi. Nasikia ngazi inavutwa, msumari, nyundo — kengele inapigiliwa ukutani. Sasa mlango wa jiko, ule mlio wake, na ukuni unaingia. Mmoja wao kaongeza moto.

Sijui nani. Kisha sauti ya mume wangu, pole pole: sogea kidogo kushoto, Baba, hapo hapo.