Panzi wa Oola

Victoire, uko? Kaa chini kwanza.

Unawajua wale panzi ambao Oola wetu anawakusanya mbugani kwa utafiti wake? Alikuwa amewagandisha kwenye friza nyumbani, hapo Bukoto. Mama mkwe wake amewakaanga.

AMEWAKAANGA, Victoire! Na kitunguu!

Eti alidhani mkwe amemletea senene, wale panzi wa kuliwa. Akawanyofoa mabawa wote huku akimshukuru Mungu.

Basi Oola akaingia na profesa wake, amemleta aone panzi wa aina mpya ambaye hata jina hajapewa. Wakakuta sahani mezani. Profesa akaenda kunawa mikono!

Oola akauliza kwa kasauti kadogo: "Mama, yule mwenye mistari ya bluu?"

Mama akalamba vidole. "Huyo ndiye aliyekuwa mtamu. Mbona ulileta mmoja tu?"