Papa, Hukusema Yale Waliyoandika

Papa,

Mwezi uliopita walikuonyesha tena. Ilikuwa Jumapili alasiri, watu wamekaa na kahawa yao, na mimi nilikuwa nakunja nguo za watoto. Mara nikasikia sauti yako. Nilipoinua macho nikakuona kwenye televisheni, umekaa mezani katika ile nyumba yetu ya ghorofa ya tano pale Alby, pembezoni mwa Stockholm, umevaa shati la bluu ambalo Mama alilipiga pasi mara mbili asubuhi ile. Chini ya kidevu chako yalikuwa yanapita maandishi meupe ya Kiswidi, na maandishi hayo yalikuwa ya uongo.

Una miaka miwili kaburini. Huwezi kujibu. Ndiyo maana nakuandikia, na barua hii naiacha wazi asome anayetaka, kwa sababu nimechoka kukasirika peke yangu.

Wanaosoma hawakujui, baba yangu, basi niwaeleze. Ulikuwa mwalimu wa Kiingereza kwetu Uvira kabla ya vita kutufukuza. Stockholm ikakupa ufagio na mabehewa ya treni uyasafishe. Hukulalamika. Ulikuwa na kitu kimoja cha kukufuta jasho, nacho kilikuwa michezo ya kuigiza ya Waingereza kwenye televisheni. Waswidi hawaondoi sauti za wageni. Wanaacha Mwingereza aseme Kiingereza chake, wao wanaandika Kiswidi chini. Wewe uliona hiyo ni zawadi. "Masikio yangu nimewapa Waingereza," ulikuwa unasema, "macho nimewapa Waswidi." Hivyo ndivyo ulivyojifunza lugha ya nchi hii, kwa wapelelezi wenye makoti marefu na kwa mawaziri wa kuchekesha wasiojua hata kufunga mlango wa ofisi yao. Mimi nilikaa miguuni pako. Kila waziri alipojikwaa ulinigusa bega ili nisipitwe.

Siku moja nilikuuliza kwa nini unawapenda hivyo watu waliowatawala majirani zetu. Ulifikiri kwanza. "Watu wanaoweza kumcheka waziri wao mbele ya dunia nzima," ukasema, "hawawezi kumuua mwalimu kwa ajili ya neno." Nilikuwa mdogo, nikadhani ni methali. Mama aliniambia baadaye kwamba ulikuwa unamfikiria mwalimu mwenzako, yule mliyekuwa mkifundisha darasa moja, ambaye hakurudi nyumbani.

Halafu vipindi vikabadilika. Wapelelezi hawakwisha, lakini katikati yao wakaingia watu wa aina nyingine: wa kupekua majokofu ya wenzao, wa kuwapima wanene kwenye mizani mbele ya kamera, wa kumwambia msichana anayelia kwamba hana sauti ya kuimba. Waswidi walivinunua vipindi hivyo, wakatengeneza vya kwao kwa mtindo uleule, na kila Jumatatu shuleni kwetu hakukuwa na mazungumzo mengine. Nchi iliyonifundisha darasa la kwanza kwamba hakuna aliye bora kuliko mwenzake ilianza kukaa kwenye kochi na kumhukumu jirani. Wewe uliviangalia umekunja mikono. "Zamani walimcheka mkubwa," ulisema. "Sasa wanamcheka mwenye chumba kidogo."

Kimoja tu ulikisamehe. Mwalimu mkuu mstaafu, mama wa Kiingereza mwenye miwani kwenye mnyororo, alikuwa anakaa siku chache na familia na kuwafundisha namna ya kuishi vizuri. "Huyu ni mwalimu mwenzangu," ulisema. Kwa hiyo walipotafuta familia za Stockholm kwa kipindi cha namna hiyo cha Kiswidi, na mtayarishaji mmoja anayeitwa Annika akaja kwetu na mikate ya mdalasini, ulimfungulia mlango na moyo pamoja. Alisema wanataka kuonyesha familia za kawaida, za kila asili. Mama alikuvuta jikoni.

"Baba Neema, hawa watu tunawajua?"

"Kipindi ni cha Waingereza," ulimjibu. "Wana adabu yao."

Papa, hapo nina hasira na wewe pia. Kidogo tu. Ulisoma mkataba na kamusi mkononi, neno kwa neno, lakini hukuuliza nani atakayeandika yale maandishi ya chini.

Walikaa kwetu siku nne. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ya tatu mwalimu mkuu wao, Mswidi mwenye daftari, alikuambia kwamba baba mzuri hukaa chini kwenye zulia na kucheza na watoto kabla ya chakula. Uliinamisha kichwa kwa heshima, ukanigeukia, ukasema kwa Kiswahili, bila kutabasamu hata kidogo: "Nikikaa chini, nani ataniinua? Magoti yangu yalibaki Uvira." Nilicheka mpaka maji yakanitoka puani. Tulipokaa mezani, kamera ikasogea karibu na sahani yangu, nikaacha kula. Uliona. "Kula, mwanangu," ulisema polepole. "Hawa ni wageni tu, usiwaogope." Nami, kama tulivyozoea watoto wote wa Alby, nikakujibu kwa Kiswidi: niache.

Siku ya kuonyeshwa, ulivaa lile shati tena, ukiwa nyumbani kwako mwenyewe. Ulipotaja magoti yako, chini waliandika: "Mimi sikai chini. Mimi ndiye mkubwa hapa." Kicheko changu walikikata. Mahali pake waliweka uso wangu nimeinama, uso wa siku nyingine kabisa, nilipokuwa natafuta penseli. Uliponiambia nile, waliandika: "Kula, nyamaza. Usiseme na wageni." Na "niache" yangu wakaiacha ilivyo, wakapiga ngoma juu yake. Ngoma, Papa, katika nyumba ambayo haikuwa na hata kinanda.

Ulizima televisheni kabla hawajamaliza. Mama alianza kukusanya sahani ambazo hatujazilia.

Wakati ule ulikuwa umeanza kupumua. Shule moja Skärholmen ilikuwa imekupa alasiri mbili kwa wiki uwafundishe watoto wetu Kiswahili, na siku hizo ulitoka nyumbani na chaki zako mwenyewe mfukoni, ingawa shule ilikuwa na kila kitu. Baada ya kipindi, mkuu wa shule alikuita. Alikuwa mpole sana. Alisema yeye binafsi haamini kila anachokiona, lakini wazazi wengine wana wasiwasi. Muhula uliofuata darasa halikufunguliwa. Ukarudi kwenye mabehewa siku zote za wiki.

Na mimi lazima niseme la kwangu, nililolificha mpaka ukafa. Shuleni walikuwa wananifuata kwenye korido na sauti nzito: "Mimi ndiye mkubwa hapa." Msichana mmoja, hata hakuwa mbaya, aliniuliza, "Ni kweli baba yako yuko hivyo?" Ningeweza kumwambia hukusema hivyo. Ningeweza kumweleza mzaha wa magoti. Nilisema, "Ndiyo, nyumbani yuko hivyo." Nilisema kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu akanihurumia, na huruma yake ilikuwa tamu. Nilikuuza kwa huruma ya korido, Papa. Wewe jioni ile ulinisaidia Kiingereza kama kawaida.

Uliwaandikia watu wa televisheni barua kwa Kiingereza chako kizuri kuliko vyote, ukaipeleka mwenyewe mjini, ukanichukua mimi. Annika alitupokea tumesimama. Alisema ni televisheni tu, usiliweke moyoni. Ukamuuliza nani aliyetafsiri.

"Mfanyakazi wetu mmoja," alisema. "Aliwahi kuishi Afrika."

"Afrika gani?" ukauliza.

Hakujua. Ulimshukuru kwa muda wake. Kwenye treni ya kurudi uliangalia dirisha hadi Alby, na tangu siku hiyo sikukuona tena ukimsikiliza Mwingereza yeyote. Ulibaki na Biblia na habari za redio.

Sasa unaelewa kwa nini mwezi uliopita nguo zilinianguka. Kesho yake asubuhi niliwapigia simu watu wa televisheni. Mwanaume aliyepokea alisema kipindi ni cha zamani, wakati ule mambo yalikuwa tofauti. Nikamwambia Kiswahili hakijabadilika tangu wakati ule. Akasema wanaweza kukuficha uso. Nilimuuliza umefanya kosa gani ufichwe uso. Siku chache baadaye wakaniandikia kwamba kipindi hakitaonyeshwa tena. Hakuna neno kuhusu yale maandishi. Hakuna "tulikosea". Wamekufuta kama doa kwenye kitambaa, na wanadhani nitashukuru.

Nchi hii inaandika maneno ya muuaji wa Kiingereza wa kubuni mpaka nukta ya mwisho, kwa heshima, kila wiki. Lakini kwa mtu wa kweli aliyewalipa kodi, walishindwa kupanda treni nyekundu ya kuja kwetu na kuuliza. Fittja peke yake, jirani na Alby, wangepata wasemaji wa Kiswahili kabla kahawa yao haijapoa. Hawakushindwa. Hawakuona haja.

Basi nikafanya ninaloweza. Mama alikuwa bado ana mkanda wa video tuliorekodia kipindi kile. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, niliomba ukumbi tunamosali Fittja, nikaweka televisheni mbele, na sehemu ya chini ya kioo nikaibandika karatasi ya kaki ili maandishi yasionekane. Watu walibaki wengi, wa Bukavu na Uvira, Warundi, dada mmoja Mkenya ambaye ni muuguzi. Kwanza niliwaambia nilichosema kwenye korido. Mama alikuwa ananitazama, maana hata yeye alikuwa hajui. Alisogeza mkoba wake ili nipate pa kukaa.

Halafu wakakusikia. Ulipofika kwenye magoti, ukumbi mzima ulilipuka. Mzee mmoja alipiga paja lake akasema, "Na yangu nayo, ndugu, yako hukohuko." Baba mmoja wa makamo akasimama nyuma, akasema uliwahi kumfundisha, na kwamba darasani ulikuwa hivyohivyo, unachekesha huku umenuna. Waliniomba nirudishe mkanda. Nikaurudisha. Wakaomba tena. Mama alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanaruka, nikadhani analia, nikamfunua: alikuwa anacheka.

Sijawasamehe wale wa mjini, wala sikuombi ruhusa ya kuwasamehe. Leo nimewatumia barua nyingine, kwa Kiswidi, na itakayofuata itakuwa na tafsiri ya maneno yako yenye muhuri wa mtafsiri wa mahakama. Nataka waandike kwamba walikosea, na waandike jina lako bila kukosea herufi. Lakini jua hili huko uliko: watu walijaa kukutazama, Papa, na mahali ulipotaka wacheke, walicheka.

Pumzika, mwalimu.

Binti yako wa kwanza,
aliyekuwa anakujibu kwa Kiswidi