Gari Linalotaka Shikamoo

Jumatatu, 12 Juni 1995
Nimelisha kuku. Nimefuta vumbi kwenye gari. Nimejaribu kuliwasha. Starta inazunguka, injini haishiki. Hivyo hivyo tangu tumzike Baba Neema.

Ni Landrova kwa nje tu. Ndani mume wangu aliweka injini ya Toyota, ya mtumba, iliyokuja na mizigo ya Dubai. Nyaya alifunga mwenyewe. Kuendesha alinifundisha. Kuwasha aliwasha yeye, kila asubuhi.

Shemeji Elirehema amekuja. Lisipowaka mpaka Jumamosi analiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wa Sombetini. Ndugu wamekubali. Mimi sikuulizwa. Bila gari, ndizi zangu zitaenda sokoni juu ya kichwa changu. Na ni gari lake Baba Neema. Nimempa shemeji chai. Nilitamani kumnyima sukari.

Jumanne, 13 Juni
Fundi Kisali kutoka Tengeru. Kasema plagi. Kabadilisha plagi. Kasema petroli chafu. Kaweka nyingine. Alipomaliza kurudishia, vyuma viwili vilibaki mkononi. Kasema havina kazi.

"Mama, hili limekufa."

Neno hilo nimelisikia vya kutosha mwaka huu. Nimemwambia aseme limegoma.

Alhamisi, 15 Juni
Manyunyu na baridi. Wanakwaya wamelisukuma baada ya mazoezi, huku wanaimba. Limeteremka vizuri mpaka mashine ya kusaga. Halikushika. Kupanda tena hakuna aliyeimba. Limerudishwa na ng'ombe wa jirani.

Mchungaji amefungua boneti, akatazama, akafunga, akasema tuombe.

Ijumaa, 16 Juni
Shemeji hakungoja kesho. Kaja leo na mnunuzi. Yule bwana aligonga bodi kama anachagua tikiti maji. Nikapanda, nikakaa kwenye usukani. Sikuwa na mpango wowote. Nilikataa kushuka tu.

Nikamkumbuka Baba Neema. Kabla ya kugeuza ufunguo aliinama mpaka paji la uso likagusa usukani, kama mtoto anayempa babu kichwa aguswe. Kisha anasema, "Shikamoo, bibi." Nilicheka miaka yote.

Nikaona nimuagie gari lake. Nikainama. "Shikamoo, bibi."

"Shemeji yako anaumwa?" mnunuzi akamuuliza Elirehema.

Ukiinama hivyo unaona chini ya dashibodi. Palikuwa na swichi ya taa, nyeupe. Ya jikoni kwangu. Ile aliyoniambia imebebwa na panya. Aliogopa wezi, akaficha swichi ya kukata umeme wa injini, akaficha na siri, hata kwangu. Mkono wake ulikuwa unaibonyeza wakati mimi nacheka.

Nimebonyeza. Nimegeuza ufunguo. Limewaka. Moshi ulimfunika mnunuzi mzima.

Shemeji akasema, "Marahaba."

Jumamosi, 17 Juni
Ukungu mlimani. Nimepakia ndizi. Elirehema kaomba lifti mpaka Tengeru. Nimemwambia asalimie kwanza. Kasalimia, tena kwa adabu.

Soko zuri. Nimerudi mapema.

Nimeinama kuzima swichi. Pembeni ina doa la unga wa chapati, limekauka. Ni alama ya kidole changu, ya wakati ilipokuwa bado ukutani. Kila asubuhi alikuwa anagusa hapo.

Kitambaa nilikuwa nacho mkononi. Sikufuta.