Mtoto Aliyekubali Ng'ombe Ni Mbuzi

Doha, 11 Mei 2014

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umeacha kuvimba na dawa unazimeza, si kuzificha kabatini. Sisi wazima. Badru anakusalimu, jua la huku limeshaanza kuwachoma kazini. Firdausi anakula vizuri na analala vizuri. Barua hii naituma kwa barua pepe ya Abbasi wa steshenari kama kawaida, aichape akuletee. Na wewe Abbasi unayeisoma kabla ya mama yangu, salamu zako.

Mama, tangu umruhusu mjukuu wako aje kwetu, kazi yangu imekuwa moja tu, kutafuta shule. Kwetu mtoto akifika umri unamwogesha unampeleka. Huku nimekuta watu wanaandikisha mtoto angali tumboni! Nilidhani wananitania.

Nimezunguka shule tatu. Ya Wahindi ni nzuri, lakini imeshajaa. Ya pili wanafundisha kwa Kiarabu, na Kiarabu cha Firdausi ni cha msahafu tu. Ya tatu ni ya mtaala wa Waingereza. Badru anaitaka hiyo kwa sababu mwakani kampuni inaweza kumhamishia Malaysia au Ghana, na kote huko mtaala huo upo. Mtoto atafunga kitabu hapa akifungulie kule, asianze upya. Ada inalipwa na kampuni, kwa hiyo usiuze hata debe moja la maharage kwa ajili yetu. Nimeuliza walimu wao hukaa miaka mingapi, nimeuliza mahali pa kuswali, nimechungulia mpaka vyoo. Badru ananicheka, eti nimekuwa bibi afya.

Imebaki nafasi moja kwa watoto wa umri wake. Wiki ijayo mwalimu mkuu, mama wa Kiingereza, atazungumza naye. Akimpenda, ataingia Septemba. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kwenye shule ya Kiingereza ya Kasulu kati ya watoto tisini atashindwa na nini?

Tuombee.

Mwanao,
Tunu

Kasulu, 16 Mei 2014

Mwanangu Tunu,

Marahaba. Mguu umepona na dawa zimekwisha, muulize Abbasi. Mvua zinakatika, watu wameanika maharage mpaka barabarani na madereva wanawatukana. Mkwe wangu msalimu sana.

Barua yako nimeirudia mara mbili, nikidhani Abbasi amenichanganyia na ya mtu mwingine. Mwanangu unachungulia vyoo vya watu! Shule nayo inachaguliwa kama kitenge, unavuta pindo, unauliza kama kinachuja? Wewe nilikupeleka ile moja iliyokuwepo, na leo unaniandikia kutoka Katar. Hilo la kuandikisha mtoto angali tumboni nimelipeleka sokoni. Ange, yule mkamwana wa jirani yetu Nsabimana ninayefanya naye biashara, alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi wasiwasi sina. Firdausi nimemlea tangu ana miaka mitatu, mlipoondoka, na akiingia nyumba ya mtu, mwenyeji huuliza huyu ni wa nani. Mwambie tu asisahau salamu.

Mama yako

Doha, 23 Mei 2014

Mama,

Shikamoo. Wote tuna afya, hilo nalitanguliza ili moyo usikuruke. Lakini shule wamemkataa Firdausi. Na si kumkataa tu, wanasema ana kasoro ya akili.

Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Nilimwambia kama ulivyoagiza, asisahau salamu, naye hakusahau. Alisimama mlangoni, akainama, akapiga makofi yake taratibu kama anavyokuamkia wewe asubuhi, macho chini, akangoja. Yule mama akatazama kushoto na kulia kutafuta kinachopigiwa makofi. Akamwambia kaa, mtoto hakukaa mpaka alipoambiwa tena. Akamuuliza anapenda nini, akajibu, "Chochote mtakachonipa." Kisha akamwonyesha picha ya ng'ombe na kumwambia kwa makusudi, "Huyu ni mbuzi, sivyo?" Firdausi akainamia zulia, akasema, "Ndiyo, madamu."

Yule mama akaniuliza kwa upole, upole ulioniumiza kuliko matusi, mtoto amekuwa hivi tangu lini. Nikauliza, hivi vipi? Akasema haangalii mtu, anapiga makofi bila sababu, hajui mnyama hata mmoja. Akanishauri nimpeleke kwa daktari.

Ndani ya gari nikamuuliza, "Firdausi, yule mnyama hukumjua?"

"Ni ng'ombe, Mama."

"Sasa mbona ulikubali ni mbuzi?"

"Yule ni mtu mzima. Ningemwambiaje amekosea?"

Mama, nililia palepale. Badru alikwenda kuwaomba, wakakubali kumwona tena kabla hawajafunga mwanzoni mwa Julai. Akishindwa, nafasi anapewa mtoto mwingine, na kwetu inabaki shule ya wagonjwa wa akili au kumrudisha Kasulu. Nimembembeleza awaangalie watu, ajibu anachokijua. Ananiambia, "Bibi alikataza." Na anayasema hayo akiangalia miguu yangu. Mimi, mama yake! Ananiamkia asubuhi, mchana na jioni, kama mpangaji aliyechelewesha kodi.

Wewe ndiye uliyelifunga fundo hili, na yeye hatakubali mtu mwingine alifungue. Mpigie simu. Mruhusu.

Mwanao,
Tunu

Kasulu, 28 Mei 2014

Tunu,

Marahaba. Afya ninayo, ila tangu jana chakula hakipiti.

Mjukuu wangu mimi ana kasoro ya akili? Mtoto anayehesabu chenji kichwani kabla mteja hajafungua pochi? Nimemwambia Abbasi anisomee tena huenda macho yangu ndiyo mabovu, akasoma yaleyale. Huyo mama mzima asiyejua ng'ombe na mbuzi ndiye apelekwe kwa daktari!

Na wewe unaniomba nini? Nimpigie simu mtoto nimwambie, mjukuu wangu, kuanzia leo wakodolee wakubwa macho, wabishie, wakikosea waumbue? Miaka sita nimekaa namnyoosha, leo nimpinde kwa simu ya dakika mbili? Samaki mkunje angali mbichi, nami nimeshamkunja. Huyo ndiye binadamu niliyewapa. Kama shule yao haina nafasi ya mtoto mwenye adabu, mrudisheni. Shule yake ya Kasulu bado ipo, na vyoo vyake havihitaji kuchunguliwa.

Nakwambia ukweli, niliposoma neno kumrudisha, moyo ulinipiga kwa furaha. Hilo nalo ulijue.

Mama yako

Doha, 21 Juni 2014

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima, maana sijui. Nimekuandikia mara mbili, kimya. Simu yako haipatikani. Abbasi nikimuuliza anasema, "Mama yupo, atajibu." Basi nimeelewa. Umeamua kukaa kimya mpaka siku zipite, mtoto akose nafasi, arudi kwako. Sikuwahi kufikiri ungenifanyia hivyo, na sijui niseme nini zaidi.

Zimebaki siku chache. Firdausi kila siku anauliza kama umepiga.

Tunu

Kasulu, 27 Juni 2014

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa Abbasi, mimi nasema yeye anaandika. Mkono wangu wa kulia umevunjika, umefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Usipige kelele. Nimeshatoka hospitali na uji nanywa. Abbasi nilimkataza asikwambie, ungekata tiketi ya ndege siku hiyohiyo. Simu ilipondeka, ndiyo maana haikupatikana.

Mwanzoni mwa mwezi huu tulikuwa tunarudi kutoka Kibondo, mimi na Ange, tumepanda gari la mizigo la mzee Venanti, maharage nyuma, sisi mbele. Baada ya kijiji cha kwanza gari likaanza kuyumba. Nikamwambia Venanti, barabara mbaya leo. Akacheka. Mara nikaona mbingu ilipokuwa ardhi. Magunia yametapakaa mtaroni, mimi mkono hauko mahali pake, Ange damu zinamtoka puani.

Hiyo ni ajali, ajali hutokea. Kilichonishtua mimi ni cha hospitalini. Ange alikaa kwenye kitanda changu akilia, akaniambia, "Mama, nilimwona. Kabla hatujapanda nilimwona mzee Venanti nyuma ya soko anakunywa gongo, chupa nzima."

"Ukanyamaza?"

"Ego, nilinyamaza, Mama. Ni mzee, na wewe ulishapanda. Ningeanzaje kumwambia mtu mzima amelewa mbele yako?"

Tunu, nilipigwa na butwaa kuliko lile gari lilivyonipiga. Mwanamke mwenye mume na mtoto, amepanda kifo akikijua, kwa adabu! Na nikimtazama namwona Firdausi. Yule akipandishwa gari na mlevi atasema ndiyo, madamu. Akiitwa chumbani na mtu mbaya mwenye mvi, ataitika na kupiga makofi. Tangu hapo usingizi sipati, na si mkono.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimelala kitandani, si kwa hila. Ila hila nayo ilinipitia, sikatai. Kesho nitapiga kwa simu ya Abbasi. Mweke mtoto karibu. Nawatakia mfungo mwema.

Mama yako

Doha, 6 Julai 2014

Mama yangu,

Shikamoo, na pole, na unisamehe kwa barua ile. Kila nikikumbuka maneno yangu na wewe umelala na mkono umevunjika, natamani ardhi inimeze. Swaumu tunaiweza. Usifunge mpaka daktari aseme.

Simu yako sitaisahau. Ulimwambia, "Firdausi, wakubwa waheshimu, lakini ukijua wamekosea, waambie. Ukiulizwa lililo moyoni, litoe." Akakuuliza, "Hata wewe, Bibi?" Ukasema hata mimi. Alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya wewe kukata.

Alhamisi tukaenda. Hakupiga makofi. Alimwamkia yule mama, akamtazama usoni. Safari hii ilikuwa picha ya kuku aliyeitwa bata. Akasema, "Samahani madamu, huyo ni kuku. Na ile siku nyingine ilikuwa ng'ombe." Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Walizungumza nusu saa, hesabu, kusoma, maswali ya huku na huku. Mimi nimekaa pembeni naona nafasi imeshapatikana.

Kisha akamuuliza swali la mwisho, kwamba duniani anataka nini kuliko vyote.

Akasema, "Nataka kurudi kwa bibi yangu. Mama yangu ni mtu mzuri lakini simjui."

Alilisema wazi, Kiingereza kimenyooka, hakutazama zulia. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, Mama. Yule mama wa Kiingereza aliniletea maji bila kukumbuka kwamba nimefunga.

Nafasi amepata, wanataka jibu kwa haraka. Badru anasema aingie tu, mtoto atazoea. Mimi sijui. Nitamvunjaje mtoto moyo siku ya kwanza aliyoufungua? Nikimlazimisha, hatasema tena. Nikimrudisha, sitamjua tena. Wewe sema neno moja. Ukisema aje, nitampandisha ndege mwenyewe, wallahi, na sitakulaumu.

Mwanao,
Tunu

Kasulu, 11 Julai 2014

Mwanangu Tunu,

Marahaba, nilishakusamehe kabla hujaomba. Mkono unawasha ndani ya plasta, wanasema ndiyo kupona. Ange anakuja kila siku kunipikia, na siku hizi chumvi ikizidi kwenye mboga zangu ananiambia, mpaka nimeanza kujuta.

Abbasi aliponisomea pale mtoto aliposema anataka kurudi kwangu, nilimwambia asimame kwanza. Nilitoka nje, nikafagia uwanja kwa mkono mmoja, uwanja uliokwisha kufagiwa. Sikuwa na huzuni, mwanangu. Nilikuwa na furaha, furaha ya aibu, kwa sababu nilijua wewe unalia. Nikarudi nimeshajiandaa kumwambia Abbasi aandike neno hilo moja. Aje.

Sikusema. Mtoto kasema hakujui. Hakukutukana, kakupa habari. Sasa habari hiyo inatibiwa wapi, Kasulu? Akija kwangu leo, akiwa na miaka ishirini atakuwa bado hakujui, na mimi nitakuwa kaburini. Nilimwambia alitoe la moyoni, sikumwambia kila la moyoni litafanyika. Hilo nalo lazima alijue, na afadhali alijulie kwetu tunaompenda. Aingie hiyo shule. Lakini usimnyamazishe. Akisema anataka kwa bibi, mwache aseme, kila siku akitaka, nawe umsikilize mpaka amalize, kisha umpe chakula. Ndivyo mtu anavyojulikana.

Jumatatu, kabla sijakujibu, chumba cha Firdausi nilimpa Esteri, mwalimu mgeni wa shule ya msingi aliyekuwa anatafuta pa kukaa. Ameshaingia, na kitanda alikikuta. Ningeanza na barua ningebadili nia. Mtoto akikuuliza, mwambie kwa bibi pamejaa.

Mama yako